Mivumu Kumi na Miwili ya Rukomera

Kijiji cha Rukomera,
Kwa hisani ya Bwana Hilali, mwenye duka,
Kasulu Mjini.

Jumapili, 3 Oktoba 1976

Mpendwa mwanangu Kipriani,

Kabla ya salamu, mimi baba yako mkubwa nakuomba radhi. Karibu miezi saba imepita tangu nikupelekee ile simu ya maandishi ya maneno sita, na tangu hapo umeniandikia barua tatu, nami sikujibu hata moja. Nilipokuwa mwalimu niliwachapa wanafunzi kwa kuchelewesha kazi kwa siku moja. Sitajitetea kwa kusema kwamba karatasi ilikosekana, maana karatasi ilikuwapo. Wala sitasema kwamba hapakuwa na wa kuzipeleka barua, maana Hilali huja na lori lake kila Alhamisi na hurudi mjini na barua zetu mfukoni. Kilichokosekana ni ujasiri wangu.

Sasa salamu. Hujambo wewe? Philomena hajambo? Mtoto amekwisha kuota meno, na je, joto la Mtwara halimletei vipele? Nasikia huko mnalala bila blanketi mwaka mzima. Sisi huku milimani tu wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kulisema neno hilo bila kusema uongo. Kifua hunisumbua alfajiri, na miwani yangu ina kioo kimoja chenye ufa, lakini nasoma na kuandika bila msaada. Mama yako yu hai, anakula vizuri, na ulimi wake haujaugua hata siku moja. Habari zake nyingine nitazieleza kwa utaratibu. Tafadhali usiruke kurasa ili kuzitafuta.

Nianze na ile simu. Niliandika: UPEPO UMEBOMOA NYUMBA MAMA YU MZIMA. Karani wa posta aliniuliza kama nataka kuongeza neno, nikamjibu kuwa yanatosha. Maneno matano ya kwanza yalikuwa kweli. La sita halikuwa. Mama yako alivunjika mguu wa kulia chini ya goti. Alikaa hospitali wiki tisa. Mfupa umeunga, lakini mguu ule umekuwa mfupi kuliko mwenzake, naye sasa hutembea kwa fimbo. Yeye ndiye aliyenikataza nisikuambie. Alisema ungeiacha kazi na kuja mbio, kisha familia ingekuwa na watu wawili wasio na kitu badala ya mmoja. Nilimtii. Nilipaswa kukuandikia siku ile ile, naye akasirike.

Uliponijibu mara ya kwanza uliandika kwamba pepo za kuzunguka zenye nguvu ya kubomoa nyumba ni za nchi tambarare za Amerika, na kwamba bila shaka huo wetu ulikuwa upepo wa kawaida wa mvua. Wewe ni mtumishi wa kituo cha hali ya hewa na mimi ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo nilinyamaza. Katika barua ya pili ukaniletea ukurasa uliokatwa gazetini, unaoeleza kwamba pepo hizo zimeonekana pia Uingereza, Bengali na kusini mwa Afrika, mahali ambapo watu hawakuzitazamia. Nimeusoma mara nyingi hata umechanika penye mkunjo. Rukomera haimo. Sikutegemea iwemo, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kutuuliza. Basi nakuandikia mimi niliyeona.

Lakini siwezi kukueleza siku ile bila kwanza kukueleza mwaka 1972, na hapo ndipo kalamu yangu inapokuwa nzito.

Unakumbuka jinsi tulivyohamishwa katika Operesheni. Wewe ulikuwa masomoni, ukakuta tumekwisha kushuka. Ilitakiwa tutoke katika nyumba zetu zilizotawanyika kwenye migomba ya Kabuye, twende mahali pa wazi, karibu na barabara, tujenge kwa safu. Kamati ilinichagua mimi nipatafute mahali na nipime, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha hesabu za maumbo kwa miaka ishirini na sita. Nilifurahi. Sitaki ufikiri kwamba nililazimishwa. Niliisokota kamba ya katani ya hatua mia moja, nikaifunga fundo kila baada ya hatua kumi, nikazunguka nayo mabonde yote ya hapa mpaka nilipoipata ile shingo ya ardhi kati ya vilima viwili, tambarare, pana, bila nyumba hata moja. Niliona uwanja mtupu, nikadhani umetungojea sisi.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Mivumu kumi na miwili ilisimama katikati ya shingo ile, imepandwa kwa mstari, minene hata watu wawili hawakuweza kuukumbatia mmoja. Nilipovuta kamba, njia kuu ya kijiji ilipita juu ya miti saba, na mitano iliyobaki ilikuwa inaingia katika viwanja. Ningeweza kuisogeza njia hatua nne upande wa kusini. Njia ingepinda kidogo. Hatua nne tu, Kipriani. Niliagiza miti ikatwe.

Wewe na mimi tu Waha, na hakuna Muha asiyejua maana ya mivumu iliyopandwa. Mvumu haujipandi kwa mstari. Mahali ulipo, palikuwa na boma la mtu. Mtoto wa darasa la kwanza angeuliza: mwenye boma yuko wapi, na kwa nini hakuna aliyejenga tena hapa? Mimi sikuuliza. Nilijua na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naitazama kamba.

Unamkumbuka Mzee Havyarimana, mteko wetu, ambaye babu zako hawakuchimba hata shimo la nguzo kabla ya kumwendea aiombee ardhi. Sisi hatukumwendea. Nilisema mbele ya kamati kwamba kijiji cha maendeleo hakiombi ruhusa kwa mteko. Alikuja mwenyewe siku ya kukata miti, akaketi juu ya shina la kwanza lililoanguka, akanisubiri nimalize kufunga kamba.

Akaniambia, “Mwalimu, hapa ni njia.”

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni njia, nami ndiye ninayeipima.

“Si yako. Ya upepo. Wewe ukimkuta mtu amelala njiani kwako, unamruka au unamkanyaga?”

Vijana wenye mashoka walicheka. Nilimwambia aondoke juu ya shina kwa kuwa anachelewesha kazi. Akaondoka bila hasira. Hilo la kutokasirika ndilo ninaloliona kila nikifumba macho.

Mwaka uliofuata tulipewa kikombe cha bati kwa kuwa na safu zilizonyooka kuliko vijiji vyote vya tarafa. Wageni waliletwa kutoka Kibondo kuja kutazama. Mtu akisimama kwenye nyumba ya kwanza aliweza kuona mlango wa nyumba ya mwisho. Nilizoea kusimama pale jioni.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 17 Machi. Tangu asubuhi hewa ilikuwa nzito na nguo zilizofuliwa hazikukauka. Saa nane mchana ilipiga mvua ya mawe, mawe makubwa kama mayai ya kanga, kisha ikakoma ghafula kama mtu aliyezibwa mdomo. Mbingu upande wa Malagarasi ikawa na rangi ambayo sijui jina lake. Haikuwa nyeusi wala kijani, bali mfano wa maji yaliyochemshiwa kisamvu. Nilikuwa ofisini, kwa kazi yangu ya ukatibu wa kijiji, nikiandika muhtasari wa mkutano. Nilitoka nje kwa sababu ya kitu kimoja kidogo: sikusikia mbuzi. Nilipotazama, mbuzi wote wa kijiji walikuwa wamelala chini, miguu imekunjwa, vichwa wameviinamisha kuelekea mashariki.

Ndipo nilipoona kitu kikining'inia kutoka kwenye wingu, chembamba, kama chuchu. Kilishuka polepole, kikarudi juu, kikashuka tena kama kinachotafuta mahali. Kilipogusa ardhi kule chini, udongo wetu mwekundu ukainuka, na kile kilichokuwa cheupe kikawa chekundu kuanzia chini kwenda juu. Kisha mlio ukaja. Umewahi kusimama kwenye stesheni ya Uvinza garimoshi linapoingia. Ulikuwa mlio ule, ila garimoshi hufika likasimama. Hili liliendelea kuja.

Athuman, fundi cherehani, alikuwa na nyumba ya kwanza katika safu ya kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni anacheka. Unajua jinsi watoto wetu wanavyokifukuza kisulisuli cha kiangazi, na mama zetu wanavyokirushia majivu kidogo na kukiambia kipite salama. Athuman aliingia jikoni, akatoka na majivu mkononi.

“Mwalimu, tazama!” aliniita. “Kisulisuli leo kimekula kikashiba! Ngoja nikipe cha njiani.”

Akayarusha yale majivu. Nilimwona akiyarusha. Sikumwona tena.

Naomba usome yafuatayo kama mtu wa kazi yako. Upepo haukukikata kijiji mshazari. Uliingia kwa njia kuu na ukaifuata njia kuu mpaka mwisho. Nyumba kumi na tisa za safu ya kwanza ziliondoka zote, kuta na paa, na pale zilipokuwa ardhi ilifagiliwa kama kwa ajili ya arusi. Katika safu ya pili, hatua thelathini nyuma, sufuria ya maharage iliendelea kuchemka jikoni na mfuniko wake juu. Upepo ulidumu kwa muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Najua hivyo kwa sababu ndiyo idadi niliyoisali, nimelala kifudifudi ndani ya mtaro. Mabati ya ghala tuliyakuta yameviringishwa kwenye visiki kama chapati. Kurasa za daftari la mahudhurio la shule zililetwa baada ya siku mbili na muuza chumvi aliyeziokota njia ya Buhigwe. Kuku mmoja alikuwa akitembea, mzima, bila unyoya hata mmoja, na watu waliokuwa wakilia walimtazama wakashindwa kuamua walie au wacheke.

Tulizika watu watatu: Athuman na binti zake wawili. Zuleha, mkewe, alikuwa kisimani.

Mama yako alikuwa katika nyumba ya sita. Paa lilipoondoka alitambaa nje, nguzo ya mlango ikamwangukia mguuni, naye akaendelea kutambaa mpaka kwenye shimo la kisiki nyuma ya nyumba. Ni kisiki cha mmoja wa ile mivumu. Tulikuwa tumekichimba nusu tukakiacha kwa kuwa kilitushinda. Alijitumbukiza humo akashika mizizi kwa mikono miwili. Tulipompata ilitubidi tumfungue vidole kimoja kimoja. Mti niliouua ndio uliomshika. Sina namna nyingine ya kuliandika jambo hilo.

Tulipombeba kwenye machela alifumbua macho akaniona. Nilidhani angelia. Aliniambia, “Shemeji, mistari yako imenyooka kweli. Hata upepo usiojua kusoma umeifuata.”

Wabebaji walitazama pembeni kwa heshima. Mimi ningependa wangecheka.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Havyarimana. Nilikwenda kwa miguu, nikakaa chini, nikamwuliza swali lililopaswa kuulizwa mwaka 1972. Hakunisimanga. Alinieleza kwamba zamani za bibi yake, mwaka ule ng'ombe wa Buha walipokwisha kwa maradhi, boma la watu kumi na wawili lilikuwa katika shingo ile ya ardhi. Upepo ulipita alasiri moja, na jioni hapakuwa na boma. Ndugu zao walipanda mvumu kwa kila mtu, kwa mstari, wakiufuata ule mkwaruzo ulioachwa ardhini, ili atakayekuja baadaye aone njia ilipopita na asijenge. Kwa hiyo mstari ule haukuwa uzio wala mpaka. Ulikuwa maandishi, nami niliyefundisha watu kusoma kwa miaka ishirini na sita niliyafuta kwa shoka.

Nilimwuliza kwa nini hakunieleza hayo yote siku ile. Akasema, “Ulikuwa unapima. Na mtu anayepima hasikii mpaka amalize.”

Kipriani, sisemi kwamba miti ingeuzuia upepo ule. Sina hakika hata kidogo. Nilitaka kukuuliza wewe mambo mawili. La kwanza: je, upepo wa namna hiyo unaweza kurudi mahali pale pale, kwa sababu ya jinsi vilima vilivyokaa? La pili: ule wa mwaka wa maradhi ya ng'ombe na huu wetu, ni mambo mawili yasiyohusiana, au ni jambo moja linalokuja kila baada ya vizazi vitatu, au sasa litakuja kila mwaka? Nilipaswa kukuuliza mwezi wa Aprili. Sasa ni Oktoba, na barua itakapokufikia uamuzi utakuwa umekwisha kutolewa. Imenilazimu kuamua bila jibu lako, na kosa hilo pia ni langu.

Uamuzi wenyewe ni huu. Kiangazi chote wale waliopoteza nyumba wamekaa kwenye vibanda vya nyasi, na walikatazwa kurudi Kabuye. Sasa mvua zimekaribia. Nguzo zimekwisha kukatwa, zimelazwa kando ya njia kuu, marundo kumi na tisa, kila rundo mbele ya kiwanja chake. Jumamosi ijayo, tarehe 9, kuna mkutano wa kijiji, na ofisa kutoka wilayani atakuwapo. Nimeagizwa nije na ile kamba ya katani ili nivute mstari upya, mahali pale pale, na ujenzi uanze siku hiyo hiyo.

Ofisa huyo ni kijana mwema. Alikuja wiki mbili zilizopita, nikamwambia faraghani kwamba mahali pale si pa kujenga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti, wajumbe wote wasikie: “Sasa mzee wangu, unataka niandike nini kwa wakubwa? Kwamba upepo umekataa ujamaa?”

Wajumbe walicheka. Nami nikacheka, Kipriani. Hilo ndilo lililoninyima usingizi tangu siku ile.

Wala usidhani kwamba upande wa pili hauna haki. Zuleha amekata nguzo zake mwenyewe, mwanamke peke yake, na kuziburura toka msituni. Nilipomgusia habari ya kuhama aliweka shoka chini akanijibu, “Mwalimu, ulinihamisha kwa mama yangu, nikahama. Ukanipa kiwanja namba moja, nikapokea. Leo usiniambie nihame. Makaburi yangu hayahami.” Makaburi ya Athuman na ya wale watoto yako hatua ishirini nyuma ya kiwanja chake. Nikisema kweli siku ya Jumamosi, namwambia mjane huyo kwamba mumewe na wanawe walikufa kwa sababu ya hatua nne. Nikinyamaza, nampimia mahali pa kuungojea upepo.

Na mama yako? Sasa naweza kukuambia. Alipotoka hospitali alikataa kibanda. Mwezi wa Juni alipanda Kabuye kwa fimbo yake, siku nzima, akaingia katika migomba ya baba yako, na humo yumo mpaka leo. Migomba ile ilichanwa majani tu siku ile. Haikung'oka hata mmoja. Amejengewa msonge mdogo katikati ya mashina, hata ukipita njiani huuoni. Lakini amri ni amri, na mtu haruhusiwi kukaa nje ya kijiji. Nimeambiwa kwamba mkutano ukiisha na mstari ukivutwa, mgambo watapanda Jumatatu, tarehe 11, kumteremsha. Kama hatembei, atabebwa. Mkutano ukikubali kijiji kihamie mteremko wa Kabuye, hapo alipo patakuwa ndani ya kijiji na hakuna atakayemgusa. Kwa hiyo neno langu moja la Jumamosi ndilo litakaloamua nyumba kumi na tisa zitasimama wapi, na mama yako atalala wapi.

Nilitaka kukuomba wewe kama mwanawe useme afanye nini. Nilipomweleza hivyo, alinijibu kwamba hajawahi kumwomba ruhusa mtoto aliyemwogesha.

Siku ya Alhamisi alituma neno kwamba ana mbuzi mpya, jike, hana kamba ya kumfungia, na kwamba ninayo kamba nzuri ambayo imekwisha kufanya kazi yake. Nilijua anachokiomba. Nilikaa na ile kamba siku tatu. Niliyahesabu mafundo yote. Bado yako kumi, hakuna lililolegea, ilisokotwa vizuri. Leo baada ya ibada nimeichukua nikapanda Kabuye. Barua hii naiandikia hapa, juu ya kigoda cha mama yako, chini ya migomba, na mbuzi amefungwa hapo mbele kwa kamba iliyoupima mji wa Rukomera. Nilitaka kuyafungua mafundo kwanza. Mama yako akasema yaache, mbuzi hajui hesabu.

Kwa hiyo Jumamosi nitasimama mkutanoni bila kamba. Nitaanza na mwaka 1972, na nitayataja yote kwa mpangilio huu huu niliokuandikia: mivumu, hatua nne, maneno ya Havyarimana, na kicheko cha vijana. Nitamwomba Zuleha msamaha mbele ya watu kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Huenda nikavuliwa ukatibu. Huenda nikaitwa mpinga maendeleo, na hilo si jambo dogo siku hizi. Huenda wakatafuta kamba nyingine. Katani si adimu, na wapo vijana niliowafundisha mwenyewe kuvuta mstari. Sijui kama wataacha nguzo zilizokatwa kwa jasho lao kwa sababu ya mzee mmoja na mteko mmoja. Mimi nisingeacha, nilipokuwa na umri wao.

Sasa ni saa tisa alasiri. Nakueleza hali ya hewa kwa kuwa wewe utaielewa kuliko mimi. Tangu asubuhi jani halijatikisika. Toka hapa juu naiona Rukomera yote, na yale marundo ya nguzo yamelala kwa safu kando ya njia, na watoto wanaruka toka rundo moja mpaka jingine. Upande wa Malagarasi kuna wingu moja. Si kubwa. Limekaa pale pale tangu saa saba, na chini yake rangi imeanza kubadilika. Nimemwuliza mama yako anaionaje, akasema macho yake hayafiki mbali hivyo, niyaamini yangu.

Mbuzi amelala chini. Mama yako anasema ni kwa sababu ameshiba. Mimi namaliza haraka, nishuke nikawaondoe wale watoto kwenye nguzo.

Mama yako Ernesta anakusalimu, na anamwambia Philomena asimvishe mtoto sweta kwa kuogopa upepo wa baharini. Havyarimana anakusalimu, alikumbuka jina lako bila kuambiwa. Zuleha pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Hilali atakusalimu kwa mkono wake juu ya bahasha, kama kawaida yake. Nasi twamsalimu Philomena, na mtoto, na wote mnaoshirikiana nao huko. Mungu aliyewapa kazi ya kuzitazama mbingu awape na macho, na awalinde ninyi watatu penye nyumba ya kuta imara na miti karibu.

Sitakaa tena miezi saba. Siku mkutano utakapokata shauri, liwe la kukubali au la kukataa, nitachukua karatasi kabla ya kula, na utajua kutoka kwangu.

Ni mimi baba yako mkubwa, nisiyepungukiwa na upendo kwako,

Theonest Ntirampeba